Siku ya Kuvisha Stupa

Simu ilimkuta Yasawathi amepakata sufuria ya wali wa maziwa, mkono mmoja umebana mfuniko usiruke, mwingine umeshika mfuko wa mayungiyungi, na gari la kukodi linarukaruka kwenye barabara ambayo kila serikali inayoingia huahidi kuitengeneza. Aliipokea kwa bega. Alipotambua sauti ya Manel, binti wa shemeji yake Jinadasa, moyo ulimshuka kabla hajaambiwa lolote.

"Mama mdogo," Manel alisema, "baba ametutoka. Alfajiri ya leo."

Yasawathi alitazama mbele. Mumewe, Sirisoma, mdogo wake huyo Jinadasa, alikuwa amekaa kando ya dereva, kichwa kimeegemea kioo, macho kafumba. Nyuma kabisa mwanawe Nadeesh na mkewe Iroshi walikuwa wamelala, au wamejifanya wamelala.

"Ndiyo," alisema kwa sauti ya mtu anayeongea na fundi cherehani. "Nimekusikia."

"Mko wapi? Mbona kuna kelele?"

"Tuko njiani. Tutaongea."

"Nikuulize kitu kimoja tu, mama mdogo." Manel alikuwa amelia mpaka sauti imebaki nusu. "Ile Jumanne niliyokupigia, nikakwambia baba anamwita mdogo wake. Ulimfikishia kweli?"

"Si nilikujibu. Nilikwambia amesikia, ila anaumwa. Haya, jikaze mwanangu. Mtandao unakatika."

Akakata yeye, mtandao haukuwa na tatizo lolote.

"Nani huyo?" Sirisoma aliuliza bila kufumbua macho.

"Mama mmoja wa kikundi cha hekalu. Anadai sufuria zake."

"Asubuhi yote hii?"

"Watu wana shida zao, baba Nadeesh. Lala."

Ukimsikia hivyo unaweza kumwita Yasawathi mwongo na mambo yakaishia hapo. Lakini mwanamke huyu alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Mumewe alipopasuliwa kifua huko Colombo, yeye alikaa kwenye benchi la nje, akafunga sarafu kwenye pindo la kitambaa cheupe, akaweka nadhiri: akitoka mzima, kabla ya mwaka kwisha nyumba yote itakwenda Anuradhapura, itabeba kitambaa cha zafarani na kuivisha stupa kuu ya Ruwanweli, lile kuba jeupe la ibada ya Kibuddha. Mgonjwa alitoka mzima. Walipopanga tarehe ya kwanza, bibi yake Iroshi akafariki, na Yasawathi alilelewa akijua kwamba nyumba yenye msiba haina usafi wa kusimama mbele ya stupa na sadaka mkononi. Ya pili, mvua ikabeba daraja. Leo ilikuwa ya tatu, na mwaka ulikuwa unakwisha. Sirisoma siku hizi alikuwa akipanda ngazi tatu za kibaraza anasimama kutafuta pumzi. Daktari alisema ni kawaida. Yasawathi alisema moyoni kwamba daktari hajui deni hilo ni la nani.

Kwa hiyo Jumanne ile alipopigiwa, alipiga hesabu. Mume ataambiwa kaka yake yuko kitandani, atakwenda mbio, atalia, na moyo wenyewe umeshonwa majuzi. Kaka akifia mikononi mwake, nyumba itaingia msibani, na nadhiri itaota mbawa tena. Isitoshe ndugu hao wawili hawakuwa wakisemezana tangu Jinadasa alipouza fungu lake la shamba la mama yao kwa mtu baki, na mtu baki akaukata mfenesi waliokulia chini yake. Yasawathi aliamua kunyamaza mpaka stupa ivishwe. Kesho yake Manel alipopiga tena, alimjibu kwamba mzee amesikia ila anaumwa. Uongo ulimtoka kirahisi, na tangu siku hiyo chakula hakikumshuka vizuri.

"Tusikilize habari kidogo," dereva Upul alisema, akanyoosha mkono kwenye redio.

Baada ya habari husomwa matangazo ya vifo. Yasawathi alifungua mdomo, lakini Nadeesh aliyekuwa amelala fofofo alimtangulia.

"Zima hiyo, Upul. Kichwa kinanipasuka."

Upul alizima haraka, akaomba radhi mara mbili. Yasawathi alimshukuru mwanawe kimoyomoyo, akajiambia kwamba mara moja moja uvivu wa mtoto huyu una faida.

Hatari iliyobaki ilikuwa njia panda ya Galgamuwa, maana kijiji cha Jinadasa kiko ndani kidogo kutoka hapo. Walipofika, vijana wawili walikuwa juu ya ngazi wanafunga vibendera vyeupe kwenye nguzo za umeme, dalili ya msiba isiyohitaji maelezo. Yasawathi aliinua sufuria karibu na uso wake. Upul, ambaye hapo siku zote hutambaa kwa kuogopa trafiki, alikanyaga mafuta. Sirisoma alikuwa amegeuzia uso upande wa pili wa barabara.

"Jua litawaka leo," alisema.

"Litawaka," mkewe aliitikia, akaishusha sufuria.

*

Anuradhapura ilikuwa imefurika. Ilikuwa siku ya mwezi mpevu, na kila mwenye nguo nyeupe kisiwani alionekana kuamka na wazo lile lile. Waliacha gari mbali, wakaacha ndala kwa mtunza viatu, wakaanza kutembea peku. Mpaka wanafika kwenye ua wa stupa, mawe yalikuwa yamekwisha kupata moto. Watu wazima na heshima zao walikuwa wakirukaruka kutoka kivuli hadi kivuli.

Yasawathi alitaka mumewe avae soksi.

"Nani amewahi kuja hapa na soksi?"

"Wagonjwa wanavaa."

"Basi wavae wagonjwa," Sirisoma alisema, akapiga hatua kwenye jiwe la moto.

Hiyo ilikuwa tabia mpya. Asubuhi pia alikuwa ametoka kuoga kisimani macho mekundu, na alipoulizwa akajibu sabuni, kwa ukali usio wake. Yasawathi aliona ni woga wa safari. Sasa alimgeukia Iroshi, aliyekuwa amevaa miwani myeusi tangu nyumbani.

"Na wewe vua hayo madude. Unakwenda kwa Buddha au baharini?"

Iroshi alivua. Macho yalikuwa yamevimba.

"Mmegombana na Nadeesh?"

"Hapana, mama. Vumbi."

"Gari lilikuwa limefungwa vioo."

"Lilipita hivyo hivyo, mama."

Yasawathi hakuwa na nafasi ya kuchunguza. Kitambaa alikuwa amekibeba Nadeesh begani, bunda kubwa la zafarani ambalo yeye na Iroshi walilishona kipande kwa kipande kwa miezi, na hakikutakiwa kugusa ardhi hata ncha. Wali ulikuwa kwa Upul. Kabla hawajafika kwenye meza ya zamu, tumbili mmoja alishuka ukutani, akanyofoa mayungiyungi matatu mkononi mwa Yasawathi, akayanusa, akayatupa. Watu walicheka. Yeye alitamani kulia kwa maua matatu.

Kwenye meza alikaa mzee wa kujitolea mwenye kipaza sauti shingoni. Alitazama karatasi yao, akatazama bunda, akawatazama wao.

"Wengine wako wapi?"

"Ndio sisi," Yasawathi alisema.

"Watu watano?" Mzee alisahau kwamba kipaza sauti kiko wazi, na ua mzima ukasikia. "Mama, hiyo stupa unaiona lakini? Hapa watu wanakuja na kijiji, wanakuja na shule. Watano mtazungusha kitambaa au mtaanika nguo?"

"Tumeshona wenyewe. Kinatosha kuzunguka."

"Kutosha kinatosha. Nani atakishika huko katikati, upepo?" Alifunga kipaza sauti. "Subirini. Wale wanafunzi wakimaliza nitawaombea watu. Lakini msiondoke hapo, nikiita mara moja hamjatokea nawapa wengine."

Wakasubiri. Wanafunzi walizunguka, wakafuata wauguzi, wakafuata watu wa kiwanda kimoja cha nguo na ngoma zao. Jua lilipanda. Wali ulikuwa ukichacha mikononi mwa Upul, na Sirisoma alikuwa amesimama bila kuegemea kitu, jasho linamtiririka, macho juu kwenye kuba jeupe.

"Kaa kivulini, mzee wangu."

"Niko sawa."

"Huko sawa. Umekuwa rangi ya majivu."

"Yasawathi, leo niache."

Akamwacha, kwa sababu simu ilikuwa imeanza kutetemeka ndani ya mkoba. Manel tena. Alisema anakwenda chooni, akauzunguka ule ukuta wa tembo wa mawe wanaoizunguka stupa, akatafuta pembe isiyo na watu. Pembe ilikuwa na mtu. Nadeesh alikuwa amechuchumaa kati ya tembo wawili, ananong'ona kwenye simu, mkono umefunika mdomo. Alipomwona mama yake alisimama ghafla.

"Kazini," alisema.

"Siku ya mapumziko?"

"Bosi hajui mapumziko. Na wewe, mama?"

"Kikundi cha hekalu."

"Zile sufuria?"

"Hizo hizo."

Walitazamana kidogo, kila mmoja akiona mwenzake ana haraka ya kuondoka. Simu ya mkobani ilikuwa imenyamaza. Yasawathi alirudi akiwa amechoka mpaka kwenye mifupa. Mtu huwa anachoka kwa kubeba vitu, lakini hakuna kinachochosha kama kukaa ukikumbuka umemwambia nani nini.

*

Walipoitwa, mzee wa kipaza sauti alitimiza ahadi. Alitangaza kwamba kuna familia ndogo yenye kitambaa kikubwa, anayetaka thawabu aje ashike. Watu walikuja, wakajipanga: wanajeshi wa likizo, bibi mmoja mwenye mkongojo, wanafunzi waliobaki nyuma. Mwanamke mmoja alimpa Upul mtoto wake ili apate mikono ya kushikia. Bunda lilifunguliwa, likapita juu ya vichwa, likawa refu, na Yasawathi aliyekuwa akilijua kama rundo la kazi sebuleni hakuamini kwamba ndilo hili. Mpiga ngoma alianza. Nadeesh alitaka kushika ncha ya mbele, lakini baba yake alimwondoa.

"Hapa nabeba mimi."

"Baba, kifua."

"Kifua changu nakijua."

Wakazunguka. Mawe yalikuwa yakiunguza nyayo na hakuna aliyeweza kurukaruka, maana mikono ilikuwa juu. Yasawathi alikuwa nyuma ya mumewe hatua chache, akiitazama shingo yake na kuhesabu pumzi zake. Alimwomba Buddha kimoyomoyo asimuulize chochote leo. Akaahidi kwamba kesho atasema kila kitu, kwa Sirisoma, kwa Manel, kwa yeyote anayetaka kusikia. Kitambaa kilipokutana ncha kwa ncha na watu wa zamu walipokivuta juu kikakaa kwenye kiuno cha stupa, alishusha mikono. Deni lilikuwa limelipwa. Mumewe atapona.

Mtawa kijana aliyekuwa akiongoza aliwaketisha pembeni, akapokea wali na maua, akasoma aya, wakaitikia.

"Sasa thawabu hii wagawieni waliowatangulia," alisema. "Watajeni kwa majina."

Sirisoma alikutanisha viganja usoni.

"Baba yetu Appuhamy," alisema. "Mama yetu Podihamine." Alisita, akavuta pumzi ndefu. "Na kaka yangu Jinadasa, aliyefariki leo alfajiri."

Yasawathi alifumbua macho. Wanajeshi na wanafunzi walikuwa wamegeuka kumtazama mzee huyo kwa huruma. Nadeesh alikuwa anamtazama Iroshi, Iroshi anamtazama Nadeesh, na Upul alikuwa anayatazama magoti yake. Hakuna hata mmoja wao aliyeuliza Jinadasa amekufa saa ngapi. Hapo ndipo Yasawathi alipoelewa kwamba katika kundi lote lile, waliokuwa wanapata habari mpya ni wageni peke yao.

"Leo alfajiri?" mtawa aliuliza.

"Leo, mheshimiwa."

Yasawathi alishindwa kujizuia. "Mheshimiwa, utusamehe. Tungejua tusingeleta msiba wetu hapa." Na papo hapo akajua amedanganya mbele ya stupa yenyewe, kitambaa chake kikiwa bado kinapepea juu.

Mtawa hakuonekana kukasirika. Alionekana mtu ambaye bado ana watu wengi kwenye foleni.

"Mama, mwenye msiba asipokuja hapa, unataka aende wapi?" Akawageukia wote. "Kwa Jinadasa, basi."

"Sadhu," watu waliitikia kwa kubariki, "sadhu, sadhu." Bibi wa mkongojo aliitikia kwa sauti kuliko wote, akiwa hamjui Jinadasa hata kwa sura.

*

Kwa mtunza viatu ndipo yalipolipuka.

"Umejua tangu lini?" Yasawathi aliuliza.

"Tangu kisimani," Sirisoma alisema. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa saruji akikung'uta nyayo. "Thilak, mtoto wake, alinipigia nikiwa na povu usoni. Maneno mawili, akakata. Kama anaongea na karani."

"Ukaniambia sabuni."

"Sabuni pia ilikuwepo."

"Nadeesh?"

"Binamu waliandika kwenye kundi la simu, mama. Nilidhani nyinyi hamjui. Nikaogopa moyo wa baba, na nikaogopa wewe na hiyo nadhiri yako."

"Iroshi?"

"Niliona picha ya baba mkubwa mtandaoni, mama. Imewekwa mshumaa."

"Upul, usiniambie na wewe."

Dereva alijikuna shingo. "Nadeesh aliniambia ili nisifungulie redio, mama. Nikasahau, nikafungulia."

"Kwa hiyo gari zima mlikuwa mnaniigizia mimi." Sauti ilikuwa imempanda, na wenye foleni ya viatu waliacha mazungumzo yao ili wasikie vizuri. "Mimi nimekaa na sufuria mapajani, nafunika bendera nayo, kumbe kila mtu anajua. Nyie ni watu gani?"

"Na wewe ulijuaje?" Sirisoma aliuliza.

"Manel alinipigia. Njiani."

"Ndiye mwenye sufuria?"

"Ndiye."

Sirisoma alicheka, kicheko kifupi cha puani, na Nadeesh naye akacheka kwa kuponea hapo. Yasawathi mwenyewe alihisi shingo inalegea. Kwa kitambo kidogo ilionekana kwamba mambo yatakwisha hivyo, familia imedanganyana kutwa kwa kupendana, itanunua maji ya madafu na kuondoka.

"Ningesema nyumbani," Sirisoma aliendelea, "ungekirudisha kitambaa kabatini. Nakujua. Ungesema nyumba ina najisi. Na mimi nilitaka kitu cha kumpelekea. Tangu tugombane sijampelekea hata jani la tambuu. Nikasema basi leo nikibebe mwenyewe, nimgawie, nisiende kwake mikono mitupu."

"Umefanya vizuri, baba," Iroshi alisema.

"Sijui kama nimefanya vizuri." Alikuwa ameacha kukung'uta nyayo. "Kinachoniuma ni kimoja. Hakuniita. Mtu anajua anakufa, duniani ana mdogo mmoja tu, na hamwiti. Shamba lilikuwa lake, auze. Mti ni mti. Lakini kutoniita? Angetuma hata mtoto tu aseme njoo, ningekwenda peku. Toka nyumbani mpaka kwake."

Yasawathi aliinama kutafuta ndala za mumewe kwenye lundo, akazitafuta muda mrefu ingawa alikuwa ameziona mara moja.

*

Kurudi kulikuwa kubaya kuliko kuja. Magari ya mahujaji yalikuwa yameziba barabara, na mbele ya basi moja watu walikuwa wameshuka wanacheza ngoma. Upul alipiga honi mpaka akachoka.

"Tupitie nyumbani tubadilishe nguo?" Iroshi aliuliza.

"Tubadilishe tuvae nini?" Sirisoma alijibu. "Za msibani ni nyeupe. Si hizi tumeshavaa?"

Yasawathi alikuwa na sufuria tupu mapajani na simu juu yake. Alifikiria kumwandikia Manel ujumbe: mwanangu, yale ya Jumanne tuyaache. Aliandika mpaka kwenye neno Jumanne, akafuta. Manel alikuwa binti mzuri, pengine angekubali. Pengine angekubali na kunyamaza miaka yote, na kila wakikutana wangetazamana hivi. Au Thilak angesema yeye, hadharani, mbele ya jeneza. Lakini haikuwa hofu ya Thilak iliyomkaba. Ilikuwa shingo ya mumewe hapo mbele, nyekundu kwa jua, na mtu mwenye shingo hiyo anaamini kwamba kaka yake alikufa bila kumtaka. Ataamini hivyo akila, ataamini akioga. Alimwona akinyoosha kidole kufuta kitu pembeni ya jicho, na safari hii hakutaja sabuni. Yasawathi alijichukia kwa namna ambayo hakuijua kabla.

Walifika njia panda ya Galgamuwa jioni. Vibendera vyeupe vilikuwa vimekamilika, pande zote mbili, vinaingia ndani ya barabara ya vumbi.

"Alikuita," Yasawathi alisema.

Gari lilikuwa linakata kona. Sirisoma aligeuka nusu. "Nani?"

"Kaka. Jumanne. Manel alinipigia akasema baba anamwita mdogo wake. Sikukwambia." Aliposema hilo, mengine yalitoka yenyewe. "Kesho yake akapiga tena. Nikasema umesikia lakini unaumwa. Niliogopa moyo wako. Niliogopa atakufa kabla hatujavisha stupa na wewe utamfuata. Ndivyo nilivyofikiri, baba Nadeesh. Sina lingine."

Iroshi aliziba mdomo. Nadeesh alisema "Mama." Upul alipunguza mwendo bila kuambiwa.

Walipita nyumba moja, wakapita duka lililofungwa.

"Jumanne nilikuwa nafanya nini?" Sirisoma aliuliza.

"Nini?"

"Jumanne. Alipopiga. Mimi nilikuwa wapi?"

Yasawathi alitamani aulizwe kingine chochote. "Kibarazani. Ulikuwa unasikiliza kriketi."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Nilisikia simu ikilia," alisema. "Nikasema atapokea mama Nadeesh." Kisha akamgusa Upul mkono. "Simamisha hapa."

"Nyumba bado, mzee. Iko kule kwenye taa."

"Simamisha."

Alifungua mlango, akashuka. Ndala zake zilibaki sakafuni mwa gari, moja imelala ubavu. Nadeesh alitaka kumfuata lakini baba yake aliufunga mlango, si kwa nguvu, akaanza kutembea peke yake kati ya vibendera, kwenye kokoto, na nyayo zilizokwisha kuungua tangu mchana. Alikuwa akisimama kila baada ya hatua chache kutafuta pumzi. Hakugeuka nyuma.

Yasawathi aliziokota ndala, akashuka.

"Mama, mwache kwanza," Nadeesh alisema.

Hakumsikiliza. Alimfuata mumewe kwa nyuma, mbali kidogo, akisimama kila aliposimama. Kelele za msiba zilikuwa zikisikika sasa, vikombe vya chai, viti vinaburutwa, sauti za wanaume wanaopanga mambo. Langoni alikuwa amesimama Manel. Alimtazama baba yake mdogo kuanzia kichwani mpaka kwenye miguu yenye vumbi na malengelenge. Hakupiga magoti kumwamkia, ingawa ndiyo desturi na alilelewa nayo.

"Tuliambiwa unaumwa," alisema. "Tukamwambia baba unaumwa. Akasema basi mwacheni, apone kwanza."

Wanaume waliokuwa karibu waligeuka. Yasawathi alikuwa amesimama hatua tano nyuma, ndala kifuani, akisubiri. Alikuwa tayari kwa neno lolote ambalo mumewe angelitoa, na aliona hata akilitoa mbele ya ukoo mzima, amelistahili.

"Ni kweli," Sirisoma alisema. "Nilikuwa naumwa."

Akamshika Manel kichwa kwa kiganja, akampita, akaingia ndani kwa kaka yake.

Yasawathi alisogea mpaka mlangoni. Viatu vya watu vilikuwa vimejaa pale kizingitini. Akaziweka ndala za mumewe kando, pamoja, zimeelekezwa nje ili akitoka asihangaike kuzigeuza. Kisha akabaki ameinama hapo hapo, mikono mitupu, maana hakuna aliyemwambia aingie.